Kufumba Macho

Kuthibitisha nafasi mwisho Ijumaa, saa sita usiku.
Leo Jumatano. Barua mbili ziko juu ya friji,
zimekandamizwa na bakuli la ndimu
kwa sababu feni ya baba haina adabu.

Ya kwanza ina msalaba na mlima kwenye nembo.
Chuo cha kanisa, bara, kwenye baridi na majani chai.
Ibada kila siku saa kumi na mbili unusu.
Sketi ipite magoti. Simu zikabidhiwe saa tatu.
Ualimu. Karo, dayosisi itachangia nusu,
na Kasisi Mwakireti ameshatia sahihi.

Ya pili haina mlima. Ina namba:
namba ya usajili, namba ya akaunti,
namba ya kupiga ukikwama, ambayo haipokewi.
Chuo kikuu cha umma. Elimu ya miamba na maji ya ardhini,
niliyoitaka tangu kisima chetu hapa Kengeleni
kilipogeuka chumvi mwezi mmoja tu,
tukakiombea, tukakitia dawa, tukakifunika bati.

Kasisi alikuja Jumapili, akakaa kiti cha baba.
"Kule," akasema, "utafundishwa na watu wanaokuombea."
Nilitaka kumuuliza kama wanajua
chumvi huingiaje kisimani.
Nikamuuliza kama anaongeza chai.

Twaiba, tuliyekaa dawati moja miaka minne, ananicheka:
"Kwetu ubishi ni huo huo, shoga,
ila sisi anayekuja kunywa chai ni maalim."

Baba hasemi kitu.
Miaka ishirini na sita kwenye mizani ya malori bandarini;
amezoea kungoja sindano itulie ndipo asome.
Lakini jana usiku nilimwona, taa imezimwa,
anaichomoa ya msalaba, anaiweka juu.
Asubuhi mama alitafuta ndimu ya samaki,
akazirudisha zilivyokuwa. Au hakuangalia.

"Chaguo ni lako," mama akaniambia, akikanda unga wa mahamri
kwa nguvu isiyo ya mahamri.
"Ila ujue, Elikana naye tulimwambia hivyo hivyo."

Elikana, kaka yangu.
Alikwenda Nairobi na Biblia ya zipu,
akarudi na shahada na ndevu,
na tangu arudi hafumbi macho tukiombea chakula.
Haringi. Habishani. Amina anaitikia.
Ni yeye aliyepanda paa la kanisa Aprili
kuziba pale mvua ilipowadondokea waimba sauti ya tatu.
Ila macho yake yako wazi, yanatazama mvuke wa wali,
na mama akiona, chakula humkwama kifuani.

Mama akiona.

Nimelala na neno hilo usiku kucha.
Mama huonaje?
Na mimi, ninayewasimulia haya,
nimejuaje?

Alhamisi. Wali, mchicha, papa wa nazi.
Baba akaanza kuomba. Nikafungua macho, safari hii kwa makusudi.
Elikana ananitazama. Mama ananitazama.
Tukakutana watatu juu ya sufuria
kama wezi waliovamia nyumba moja bila kupatana.
Mama alikuwa wa kwanza kucheka, kwa mabega tu.
Baba peke yake alikuwa amefumba,
amefumba hasa, ngozi imekunjamana hadi kwenye masikio,
na alipofika kwenye jina langu, sauti ikapotea kidogo,
akaitafuta, akaipata, akaendelea.

Ijumaa, saiba ya Kongowea, saa tano na robo.
Kijana wa zamu anafagia, anataka kufunga.
Kwenye skrini, kitufe kimoja cha kijani,
chini ya zile namba.
Hakuna mlinzi wa ibada. Hakuna anayenitazama.
Nikafumba macho.

Sikuwa na maneno mengi. Nilitaja kisima. Nilimtaja baba.

"Dada," kijana akasema, "usilale, mtandao utakatika."
Nikabofya.